Mgonjwa Ugenini: Tiba na Lugha Miongoni mwa Wahamiaji wa Nchi ya Chai

Juu ya asili ya jina la Kericho yapo maelezo zaidi ya moja. Wako wasemao kwamba mji huo uliitwa kwa jina la Ole Kericho, kiongozi wa Kimaasai aliyeuawa katika vita na Abagusii. Wako wengine washikiliao kwamba jina lilitokana na mganga aliyeitwa Kipkerich, na hao hupata nguvu kutokana na neno lenyewe, kwa kuwa katika Kikipsigis kerichek ni dawa, na chepkerichot ni mganga wa mitishamba, aghalabu mwanamke. Mwanaisimu mwangalifu hatakimbilia kuamua, maana majina ya mahali yana desturi ya kupewa maana mpya baada ya watu kuisahau ile ya kwanza. Hata hivyo, maelezo ya pili yana haki ya kusikilizwa kwa sababu nyingine. Nchi hiyo iliyodhaniwa kuitwa kwa dawa ndiyo iliyokuja kuwapokea wageni kwa maelfu katika karne ya ishirini, nao walipougua huko walilazimika kuuliza dawa inatolewa wapi, na nani, na kwa lugha gani.

Historia ya chai ya Kericho imekwisha kuandikwa kwa hesabu za ekari, kilo na hisa. Historia ya waliougua katika mashamba hayo imeandikwa kwa takwimu za homa. Lililokosa kuangaliwa ni mazungumzo baina ya mgonjwa na mtibu, na katika mazungumzo hayo ndimo mhamiaji alimopima kama ametibiwa au ameshughulikiwa tu.

Ni vyema kwanza kuitazama ramani kutoka upande wa Chebunyo. Mahali hapo pamo katika Chepalungu, kusini mwa Bomet, karibu na mpaka wa Narok, mbali na ukungu wa mashamba ya chai. Nchi ni kavu zaidi, na utajiri wake wa zamani ni ng'ombe. Msitu wa Chepalungu ulikuwa makao ya mbung'o, na sehemu kubwa yake ilifyekwa na kukaliwa na Wakipsigis baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo hata mwenyeji wa huko, akihesabu vizazi viwili au vitatu nyuma, hukuta mhamiaji katika ukoo wake. Mpaka mwaka 1992, Wilaya ya Bomet ilipoundwa, Chebunyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho. Mtu aliyetoka huko kwenda kuchuma chai alihesabiwa na serikali kuwa yuko kwao, ingawa alikuta baridi asiyoizoea na majirani wasiojua neno la lugha yake.

Kwa Mjaluo wa Nyakach au Mgusii wa Kitutu mambo yalikuwa ya kinyume kidogo. Katika muda mrefu wa ukoloni Kericho ilikuwa sehemu ya Jimbo la Nyanza, hivyo kwa maandishi ya serikali hakuwa ameondoka jimboni kwake. Mwili wake lakini ulijua kwamba umevuka mpaka. Aliondoka penye joto la ziwa au penye migomba, akapanda hadi penye mwinuko unaokaribia mita 2,000, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri. Shingoni alikuwa na kipande, kile cheti cha ajira kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mbele yake alikuwa na laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, ambamo aligawiwa chumba pamoja na watu asiowachagua. Ikiwa neno nchi lina maana ya mahali ambapo mtu anajulikana ni mtoto wa nani, basi huyo alikuwa katika nchi nyingine.

Sababu ya kuitwa kwao yajulikana. Mwaka 1919 maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani walipewa ekari 25,000 katika Kericho ili walime kitani. Mradi huo ulianguka mapema. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni mbili za chai, Brooke Bond na ile ya jamaa ya James Finlay iliyoitwa African Highlands Produce, zilianzisha mashamba makubwa. Wakipsigis walionyang'anywa ardhi hawakuwa na hamu ya kuchuma chai. Walikuwa na ng'ombe, na mahindi waliyoweza kuuza, hata kwa mashamba yenyewe yaliyohitaji kuwalisha wafanyakazi. Ndipo wakatafutwa Wajaluo, Abagusii na Waluyia. Wengi wa wachumaji wa miaka ya 1930 walikuwa watoto, jambo lililozua kelele hadi London na kusababisha kuundwa kwa kamati ya kuchunguza ajira ya watoto katika mwaka 1938. Ni muhimu kukumbuka umri huo tunapozungumza juu ya mgonjwa wa laini: mara nyingine alikuwa mtoto, na mama wa kumsemea alikuwa mbali.

Haifai kudhani kwamba wahamiaji hao walifika mikono mitupu wakisubiri kufunzwa maana ya tiba. Katika Kijaluo yath ni mti, na yath hiyo hiyo ni dawa. Lugha yenyewe imehifadhi nadharia nzima ya uganga katika neno moja. Abagusii walikuwa na ababari, mabingwa waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu ili kumwondolea mgonjwa maumivu yasiyokoma baada ya kupigwa au kuanguka. Madaktari wa Kizungu walioshuhudia kazi hiyo katika karne ya ishirini hawakuficha mshangao wao. Mgusii aliyetoka penye upasuaji wa namna hiyo hakushtushwa na kisu cha hospitali. Kilichomshtua ni kwamba yule mwenye kisu hakuuliza ugonjwa ulianza lini, ulianzia katika ugomvi gani, na nani wa nyumbani anajua. Katika tiba aliyoizoea maswali hayo yalikuwa nusu ya dawa.

Magonjwa yenyewe yalitegemea mtu alikotoka. Malaria ndiyo iliyowasumbua waajiri zaidi, kwa kuwa ililaza watu wengi kwa wakati mmoja, na kwa kawaida wakati wa mavuno. Milipuko mikubwa iliripotiwa katika Kericho tangu miaka ya 1920 hadi ya 1940. Mtu wa pwani ya ziwa, aliyeumwa na mbu tangu utotoni, alikuwa na kinga fulani mwilini. Mtu wa milimani hakuwa nayo. Mtu wa ziwa naye alipatwa na lile ambalo wenyeji walilijua na yeye hakulijua: baridi ya alfajiri katika majani yaliyolowa, na kichomi kilichofuata.

Katika miaka ya mwisho ya 1940 kampuni zilianza kugawa Paludrine kwa wafanyakazi ili kuzuia malaria, na matokeo yalikuwa mema sana. Kwa muda wa miaka mingi baadaye ugonjwa huo haukuwa tena janga katika mashamba hayo. Hapa lazima haki itendeke: kazi hiyo iliokoa maisha, na hakuna maneno ya kumsikitikia mhamiaji yanayoweza kuifuta. Lakini itazamwe pia namna yake. Kidonge kilitolewa kwa wote walio wazima, kwa safu, kama posho. Aliyekipokea hakuwa amelalamika, wala hakuulizwa neno. Tiba bora kabisa kupata kutolewa katika mashamba hayo ilikuwa tiba isiyohitaji mazungumzo.

Mazungumzo yalihitajika siku mtu alipougua peke yake. Sheria za ajira za ukoloni zilimtaka mwajiri awape watu wake dawa, na mashamba makubwa yalikwenda mbele zaidi, yakajenga dispensari na hatimaye hospitali ambazo maskini wengi wa nje ya mashamba wangezitamani. Hata hivyo dispensari ya shamba ilikuwa na kazi mbili zilizogombana. Ilitibu, na papo hapo ilihukumu. Asiyefika kazini alitakiwa kuthibitisha kwamba ni mgonjwa, na uthibitisho ulikuwa cheti cha dresa au daktari. Bila cheti hicho homa yake haikuwa homa machoni pa nyapara, ilikuwa uvivu. Hivyo mgonjwa aliingia katika chumba cha dawa akiwa mshtakiwa, na maneno yake ya kwanza hayakuwa ya kueleza maumivu bali ya kujitetea. Anayejua tofauti kati ya lugha ya baraza la hukumu na lugha ya kitandani atafahamu kwa nini wengi walitoka humo na dawa mkononi na manung'uniko moyoni.

Na sasa lugha. Kiswahili kilichotumika katika laini hakikuwa kile kilichokuwa kikisanifiwa miaka ile ile na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, wala kile cha kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939. Kilikuwa Kiswahili cha bara, kilichojifunzwa kazini kutoka kwa watu waliojifunza kazini. Kitabu cha F. H. Le Breton cha Kiswahili cha bara, kilichotoka mwaka 1936, kilitaja wazi kwamba kimekusudiwa kwa askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mchumaji hakutajwa, kwa kuwa yeye alitazamiwa kuwa msikilizaji. Lugha ya namna hiyo hukomaa upande mmoja. Huwa na amri nyingi na majina ya zana, na huwa maskini katika kila linalohusu nafsi.

Umaskini huo waonekana vizuri kabisa katika maneno ya maumivu. Mswahili wa Mombasa au Unguja anapougua ana hazina kubwa ya kuchagua: tumbo lasokota, koo lakereketa, kifua chabana, mbavu zachoma, kidonda chapwita, jicho lawasha, kichwa chagonga, viungo vyalegea, mwili wanyong'onyea. Kila kitenzi ni nusu ya uchunguzi wa daktari. Kusokota hakuchanganywi na kuchoma, na mganga mwenye sikio hujua pa kuanzia. Katika Kiswahili cha laini yote hayo yalikuwa neno moja: tumbo inauma, kichwa inauma, mgongo inauma, mwili yote inauma. Walimu wa lugha wamezoea kulaumu upatanisho huo wa kisarufi, na lawama yao ina mahali pake. Lakini hasara kubwa haikuwa ya viambishi. Mgonjwa aliyekuwa na vitenzi kumi katika Kijaluo au Kikipsigis alibakiwa na kimoja mbele ya dresa, na dresa aliyesikia kimoja siku nzima alitoa dawa moja siku nzima.

Wahamiaji hawakulipa gharama hiyo sawasawa. Kigusii na Kiluyia ni lugha za Kibantu, na msemaji wake hukisogelea Kiswahili kwa hatua fupi. Omorwaire wa Kigusii na omulwale wa Kiluyia, yaani mgonjwa, ni ndugu wa shina moja, na mfumo wa ngeli haumshangazi yeyote kati yao. Mjaluo na Mkipsigis hutoka katika lugha za Kiniloti, ambamo mambo yamejengwa vingine kabisa. Katika foleni ya dispensari tofauti hiyo ya kiisimu ilikuwa tofauti ya kutibiwa. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili cha Katanga, ameonyesha jinsi lugha hiyo ilivyoundwa na kutumiwa kama chombo cha kutawala kazi katika nchi ya shaba. Katika Kericho hapakuwa na mpango wa lugha wa namna ile. Lakini kazi ya shamba ilifikia karibu mahali pale pale bila ya mpango wowote.

Isidhaniwe kwamba wenyeji walikuwa na hali bora kila mahali. Nje ya mashamba, tiba ya Bomet ililetwa zaidi na misheni. Tenwek ilianza kama kliniki mwaka 1937 chini ya World Gospel Mission, na kwa zaidi ya miaka ishirini haikuwa na daktari wa kudumu hadi alipofika Ernest Steury mwaka 1959. Kaplong, karibu na Sotik, palikuwa na hospitali ya Wakatoliki, na Litein ile ya Africa Inland Mission. Hospitali hizo ziliishi katikati ya Wakipsigis, na lugha ya Kikipsigis ilisikika katika wodi na katika sala. Mtu wa Chebunyo aliyefikishwa Tenwek kwa machela, na baadaye kwa gari, aliweza kueleza ugonjwa wake mpaka mwisho. Mgusii aliyelazwa kitanda cha pili alirudi kwenye Kiswahili chake cha kitenzi kimoja. Na yule mtu wa Chebunyo, akienda mwaka uliofuata kuchuma chai, alikuwa yeye sasa wa kusema mwili yote inauma. Ugeni, kwa maana hii, haukuwa sifa ya kabila fulani. Ulikuwa hali ya mtu kulingana na mlango aliouingia.

Uko mfano mmoja ambao unageuza picha yote, nao hauwezi kuachwa ingawa haukuhusu chai moja kwa moja. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa orkoiik, kutoka katika nchi ya Wakipsigis. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, na hawakuruhusiwa kurudi hadi karibu na uhuru. Hao walikuwa watu wa milimani walioshushwa penye malaria na mbung'o bila ya kinga wala hiari, na wengi walikufa huko. Wakati ule ule Wajaluo wa kando ya ziwa walikuwa wakipanda mlima kwenda Kericho. Njia mbili hizo zilipishana, na ile ya kushuka haikuwa na kidonge cha asubuhi, kwa kuwa mwisho wake hapakuwa na mavuno ya kulindwa.

Baada ya uhuru mizani ilibadilika. Mwaka 1965 serikali ya Kenya iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vyake, na mwaka 1966 ikaanzisha mfuko wa taifa wa bima ya hospitali. Dispensari zikaongezeka. Hata hivyo mfanyakazi wa shamba kubwa la chai aliendelea kuwa na dawa karibu kuliko ndugu yake wa Chepalungu, na ni katika miongo hii Wakipsigis wenyewe walipoingia mashambani kwa wingi zaidi. Baadhi walifuata mshahara. Wengine, hasa wenye watoto wadogo, hawakukosa kuihesabu hospitali katika faida. Ada iliporejeshwa Desemba 1989 kwa jina la kuchangia gharama, ikasitishwa mwaka uliofuata na kurejeshwa tena baadaye, tofauti hiyo ilionekana dhahiri zaidi.

Ikiwa basi hospitali ilikuwa karibu na dawa zilikuwapo, kwa nini mhamiaji aliendelea kurudi kwao alipougua sana? Swali hili ndilo kiini cha jambo, kwani kuridhika kwa mgonjwa hakusomwi vizuri katika majibu anayompa mwenye daftari. Anayeulizwa na karani wa mwajiri kama ametibiwa vizuri atasema ametibiwa vizuri. Ushahidi ulio mkweli zaidi ni basi la kwenda Kisii au Kisumu. Mama mjamzito alipanda basi hilo miezi ikikaribia. Mzee aliyekohoa muda mrefu alilipanda pia. Hawakuwa wakikimbia dawa. Walikuwa wakienda mahali ambapo ugonjwa ungesimuliwa, ungepewa jina na kushughulikiwa na watu zaidi ya mmoja, na ambapo, ikiwa mambo yangeharibika, maziko hayangehitaji lori.

Safari hiyo ilikuwa na adhabu yake. Katika miaka ya 1980 malaria ilirudi tena katika mashamba ya Kericho. Wataalamu waliochunguza kumbukumbu za hospitali za mashamba wamebishana juu ya sababu: wengine wametaja hali ya hewa, wengine wameweka mbele vimelea vilivyokuwa vimeanza kuishinda klorokwini. Ila juu ya jambo moja uchunguzi umeonyesha uhusiano wa wazi, nalo ni kwamba aliyesafiri karibuni kwenda sehemu za chini alikuwa katika hatari zaidi ya kupatikana na malaria. Katika lugha ya takwimu huyo ni msafiri. Katika lugha ya laini ni mtu aliyekwenda kuzaa, kuzika au kutibiwa.

Mwishoni mwa Desemba 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi mkuu, wafanyakazi wasio Wakalenjin walishambuliwa katika mashamba ya chai ya Kericho. Wako waliouawa, na maelfu walikimbia. Safari hii basi halikuchaguliwa. Katika Bonde la Ufa kwa jumla watu waliokuwa wakitegemea dawa za kila siku, za kifua kikuu na za Ukimwi, walijikuta kambini au njiani bila kadi wala vidonge. Wengi wa waliorejea Kericho baadaye walirejea kwa sababu ya kazi, na hapana budi kuamini kwamba dispensari waliyoirudia haikuwa tena mahali pa kusema kila kitu, kwa kuwa aliyeketi karibu nao katika benchi alikuwa jirani wa siku zile.

Tangu mwaka 2013 afya imekuwa chini ya serikali za kaunti, na mtu wa Chebunyo humwona mtibu Sigor au Longisa. Mtibu huyo huweza kuwa kijana aliyesomea Nairobi, asiyejua Kikipsigis, naye mgonjwa huweza kuwa bibi ambaye Kiswahili chake ni kile alichokiokota katika laini akiwa msichana. Hapo mgeni ni daktari, na mwenyeji ndiye anayekosa maneno. Desturi iliyoenea ni kumwita mjukuu atafsiri. Bibi huanza na mguu, kwa sababu mguu waweza kutajwa mbele ya mtoto. Daktari huandika mguu. Lile lililomleta, ambalo kwa heshima ya Kikipsigis bibi halitamki mbele ya mjukuu wa kiume, hurudi nalo nyumbani.